Tulipokuwa Tukilinganisha Lenzi

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile baba mkwe wangu alipoishika picha ya mkewe kichwa chini miguu juu.

Nitafika hapo. Niache niende polepole, maana jana mlipokuja studioni kwangu, wewe na wenzako mnaojifunza kazi hii, mkapanga mezani simu zenu za macho matatu, na kamera yako ya mtumba, na taa ya duara, na stendi ile inayojikunja kama mguu wa panzi, mkaniuliza, “Mama, kati ya hizi ipi kali?”, mimi niliwajibu kwamba nina kazi. Sikuwa na kazi. Ni swali lenu lililonichoma mahali pa zamani. Leo nakujibu.

Mimi na Ouko tulioana kwa ajili ya kamera. Nasema kweli. Alikuja Migori kutoka kwao kisiwani Mfangano kutafuta riziki, akanikuta nimeajiriwa kwenye studio karibu na stendi ya mabasi, nikipiga picha za pasipoti. Vijana wengine walikuwa wakiwasifu wasichana macho na mwendo. Ouko alinisifu jinsi nilivyoegemeza flashi ukutani ili mwanga usimchome mtu usoni. Nikajua huyu ndiye. Tulipofungua studio yetu wenyewe, filamu ilikuwa inaaga na kamera za dijitali zinaingia, na kila mgeni aliyetoka Nairobi alikuja na habari ya chombo kipya. Tulikuwa wawili tu, lakini ungepita nje ungedhani ni baraza. Lenzi hii na lenzi ile. Betri inayodumu na inayozimika harusini. Kadi halisi na kadi bandia. Tulikwenda saibakafe kusoma walichosema wazungu waliozijaribu, tukarudi tukabishana hadi chai ikapoa.

Na tulikuwa na mtindo wetu wa kupima. Tuliweka chupa ya soda juu ya meza, tukaipiga kwa lenzi moja, kisha nyingine, kisha tukasafisha picha zote na kuzibandika ukutani. Mteja akiingia alikuta ukuta mzima ni chupa. Mama mmoja aliwahi kuuliza kama tunauza soda. Tulicheka sana. Siku hizo tulikuwa tukicheka.

Basi baba yake Ouko, Mzee Ogola, akaanza kuugua macho. Alikuwa mvuvi maisha yake yote, mtu mrefu, mpole, mzee wa kanisa. Alianza kwa kujikwaa kizingitini, ikafuata kumwaga chai nje ya kikombe. Tulimpeleka hospitali Homa Bay. Daktari alimwangalia kwa muda mrefu, akatueleza bila kuzungukazunguka kwamba presha ya macho imekwisha kuua jicho la kushoto, na la kulia limebaki na tundu dogo la kuonea, na tundu hilo nalo linafunga. Dawa ingepunguza mwendo wa ugonjwa, isingeuponya.

Mzee hakulia. Tulipokuwa tukingoja dawa alimwambia Ouko kwamba anataka kitu kimoja. Anataka picha ya Akeyo, mkewe, kubwa kama kioo cha dirisha, aiweke karibu na jicho lake lile lililobaki awe anaiangalia. Ouko akamuuliza kwa nini picha, na mama mwenyewe yupo. Mzee akasema mama hawezi kukaa mbele ya pua yake kutwa nzima, ana shamba na ana omena, wale dagaa wa ziwani, wa kuanika. Na akikaa kitini pake, mwendo wa hatua chache tu, uso wake hauonekani tena.

Ombi hilo, mwanangu, tungelitimiza jioni ileile. Kamera ilikuwa begani mwa Ouko. Mama alikuwa nyumbani akitusubiri.

Lakini sisi tulikuwa mafundi. Njiani kurudi Migori hatukuzungumza juu ya mzee. Tulizungumza juu ya lenzi. Tuliyokuwa nayo ni ile inayokuja pamoja na kamera, na picha ukiikuza hadi ukubwa wa dirisha, pembeni inalegea. Ouko akasema baba anastahili kitu bora. Mimi nikakubali, na nilikubali kwa moyo safi. Kulikuwa na lenzi ya kupigia nyuso, ile yenye mdomo mpana inayokunywa mwanga mwingi na kuyeyusha kila kitu nyuma ya mtu. Basi ikaanza kazi ya kuchagua. Ipo ya kampuni ile na ya kampuni hii. Moja inakaza katikati, yaani picha inatoka kali, lakini rangi zake ni za baridi. Nyingine rangi zake tamu lakini inanguruma ikitafuta mahali pa kukaza. Tulisoma, tukabishana, tukaweka akiba. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Niliujua msemo huo tangu shule, na hata siku moja sikuusikia ukiniita kwa jina.

Mama mkwe alipiga simu. Hakuwa mtu wa simu, alizungumza kama anayemwita mtu ng’ambo ya pili. Baba yenu anauliza ile picha. Tukamwambia lenzi inakuja. Akapiga tena baada ya msimu wa mvua kuisha, akauliza lenzi ni nini. Ouko akamweleza kwa upole na kwa kirefu, na mama akasikiliza yote, akasema, “Haya.”

Lenzi ilipofika tulivuka kwenda kisiwani siku iliyofuata. Mzee alikuwa bado anaona kidogo. Alinitambua kwa kitambaa changu chekundu. Tulimketisha mama mlangoni, Ouko akahamisha kigoda chake kutoka jua hadi kivuli, kutoka kivuli hadi penye mwanga wa ukuta, na mimi nikishika karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga. Tulimpiga kwa lenzi mpya. Halafu Ouko akataka tumpige na kwa ile ya zamani pia, tulinganishe. Mama alichoka. Alikuwa ameacha omena nje na kuku wanawanyemelea. Mzee alikaa kando, uso ameuelekeza zilikotoka sauti zetu.

Tungesafisha picha kubwa juma hilohilo. Hatukusafisha. Ouko aliona kwamba ile ya lenzi mpya imekaza jicho moja zaidi ya jingine, na mimi nikaona ile ya zamani ina rangi ya ngozi iliyo karibu zaidi na kweli, na tukarudi kwenye ubishi wetu kama ng’ombe wanaojua njia ya mtoni. Ukuta ukabadilika, badala ya chupa ikawa Akeyo, Akeyo, Akeyo, katika vipande vidogo vya kupimia. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Sikujua kwamba hufunga na macho ya watu.

Hatimaye tuliipeleka, picha moja kubwa kwenye fremu ya mbao. Upepo ulikuwa mkali, nikaivusha nimeikumbatia ndani ya shuka. Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa shati la kanisani. Ouko akamkabidhi. Mzee akaipapasa pembe zake, akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga, akaisogeza hadi ikagusa shavu la kulia.

Aliishika kichwa chini miguu juu.

Mama mkwe aliinuka, akaitoa mikononi mwake taratibu, akaigeuza, akamrudishia, kama mtu anayemtengenezea mumewe kola. Mzee akaelewa. Niliona alivyoelewa. Ouko alitoka nje, na kupitia dirishani nikamsikia akilaumu basi lililochelewesha ile lenzi, akiyaambia mawe na mbuzi.

Sasa, kwetu huku mkaza mwana hakai karibu na baba mkwe. Ana kiti chake karibu na mlango, na heshima ina umbali wake. Tangu niolewe sikuwahi kumsogelea mzee yule. Siku hiyo aliniita. Alikuwa akiniita Nyar Migori, yaani binti wa Migori. Akasema nisogee, nikae pale kando yake, nimwambie kilichomo.

Nikasogea. Nikaitazama picha, nikaanza. Nilimwambia imekaza vizuri sana, kila unywele unaonekana. Nikamwambia nyuma yake ukuta umeyeyuka, umekuwa kama ukungu, na mwanga umeingia kutoka upande mmoja ukaushika uso bila kuuchoma.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila ukali, “Nyar Migori, hizo ni habari za kamera. Mimi nakuuliza habari za mke wangu.”

Mwanangu, nimekemewa na walimu, na wateja, na polisi wa barabarani. Hakuna aliyewahi kunikemea kama mzee yule asiyepandisha sauti. Kwa maana niliposhusha macho tena kwenye ile picha, niliyoitazama miezi mingi, niliyoikuza jicho moja moja na unywele mmoja mmoja, nikagundua ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mama mkwe wangu. Alikuwa na kovu dogo chini ya kidevu. Kitambaa chake cha kichwa alikuwa amekifunga upande, na sikio moja likajitokeza, lenye tundu la hereni na hereni yenyewe hamna. Nikamweleza mzee hayo. Akaitikia kwa kichwa. Kovu, akasema, ni la ndoana, alilipata walipokuwa wachanga wa ndoa, akimsaidia kutengua nyavu.

Halafu akauliza, “Anacheka?”

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mama mwenyewe alikuwa amesimama pale, mikono kwenye kanga, ananitazama.

“Hacheki, baba,” nikasema. “Amechoka. Wala hatazami kamera. Anakutazama wewe, pale ulipokuwa umeketi.”

Mzee akaiweka ile fremu magotini, akaiacha hapo. Hakuniambia niondoke, nami sikuondoka.

Aliishi gizani miaka kadhaa. Picha ilitundikwa sebuleni, na kila mgeni aliyeingia aliisifu. Mama mkwe alinisimulia baadaye, tulipokwisha kumzika mzee, kwamba kila aliyeisifu aliulizwa swali lilelile, anacheka? Na kila mmoja, kwa adabu, alijibu ndiyo, mzee, anacheka sana. Naye akawaambia hapana, nina mkaza mwana aliyeniambia kweli. Mwisho mama akaishusha, akaigeuza uso ukutani nyuma ya kabati, kwa sababu hakuweza kuvumilia kumsikia akiuliza. Unyevu wa ziwa ukaila. Sijui hata ilikotupwa.

Na Ouko wangu? Aliuza ile lenzi, kisha kamera, kisha akaniachia studio. Siku hizi anauza chakula cha kuku kule sokoni. Ni mume mwema, hajawahi kunitupia neno baya. Lakini watoto wetu wakianza kubishana mezani simu gani inapiga picha vizuri, husukuma sahani yake akatoka, na sisi tunaendelea kula bila kutazamana. Yapo mambo ambayo watu wawili wakiyafanya pamoja hawawezi kuyazungumza pamoja. Kile kicheko cha ukuta wa chupa hakikurudi nyumbani kwetu.

Sasa sikiliza jibu lako. Ile simu ya rafiki yako, ya macho matatu, ni kali mchana, lakini jua likishuka inapaka uso rangi ya udongo. Kamera yako ya mtumba ni nzito na kelele zake nyingi, ila ngozi ya mtu mweusi inaijua. Taa ya duara itakusaidia ndani ya nyumba, huko nje ni mzigo. Stendi ile inayojikunja mrudishie aliyekuuzia, mchanga wa ufukweni utaimeza. Nunua kadi kwa mtu unayemjua, na betri ya pili kabla ya lenzi ya pili. Umeona? Sikukatazi kulinganisha. Mtu asiyejua chombo chake atawaharibia watu harusi zao, na hilo nalo ni kosa.

Lakini heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Ukiwa unalinganisha, simamisha kidogo ulimi wako ujiulize kama kuna mtu anayengoja. Kama yupo, piga kwa ulicho nacho. Piga leo. Picha iliyolegea pembeni ingemtosha Mzee Ogola, maana yeye hakuwa na haja na pembeni. Na unapompiga mtu, mtazame kwanza kwa macho uliyozaliwa nayo, umjue kovu lake na uchovu wake, ili siku mtu mwingine akikuuliza yumo nani katika picha ile, usimjibu habari za kioo na mwanga. Na akikuuliza kama anacheka, mwambie kweli, hata ikikuuma.

Nenda sasa, kabla jua halijapanda sana na vivuli havijakaa vibaya usoni. Mpige nyanya yako kwanza, yupo Lambwe, na nasikia magoti yanamsumbua. Mungu akulindie macho yako, mwanangu, na macho ya unaowapenda. Akuongoze ufike kwa watu wangali wanakuona ukiingia mlangoni. Na mikono yako isikose kazi.