Picha Tisa za Baba

Saa mbili kasorobo asubuhi, anatundika shuka jeusi ukutani na kulivuta kwenye pembe mpaka mkunjo wa mwisho unyooke. Saa ya ukutani ameshaitoa. Feni ameizima, na jasho limeanza kumtoka. Kila kinachotikisika nyuma yake hula bando, na leo ni tarehe ishirini na moja.

Ni mkalimani wa lugha ya alama. Majirani humwita Vidole. Kupitia kompyuta, huwafasiria viziwi walioketi mbele ya madaktari, maofisa na walimu wa watoto wao. Muuguzi huisikia sauti yake. Mgonjwa huiona mikono yake. Mikono ikiganda kwenye kioo, mgonjwa kaachwa peke yake.

Na huganda. Kifurushi chake kinaitwa "Bila Kikomo". Wenye kumbukumbu wanalijua tangazo lake: miaka minne iliyopita lilibandikwa kila nguzo, familia nzima inacheka sofani. Kikomo kilikuwepo, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: ukifikisha GB sitini, kasi "itarekebishwa". Maana yake wanakukaba koo, na mwezi mzima umeshalipia.

"Sitini zangu huisha tarehe kumi na tisa, ishirini," anasema. "Kuanzia hapo nafanya kazi kama mtu aliyefungwa kamba. Simu ikikatika kabla ya dakika kumi, silipwi."

Lakini si malipo yanayomuuma zaidi.

Mwezi uliopita, tarehe ishirini na sita, baba yake alipiga simu ya video. Mzee alikuwa seremala, kiziwi tangu utotoni. Mikono iliyowalisha wanawe ndiyo hiyo hiyo iliyowasimulia hadithi. Alikuwa mgonjwa, kalala nyumbani kwa mdogo wa Vidole, mwendo wa siku mbili. Mdogo mtu ndiye aliyemshikia simu.

Mzee alizungumza dakika kumi na moja. Vidole aliona picha tisa, zimesimama kama za kitambulisho.

"Mkono uko juu. Halafu uko kifuani. Halafu amefumba macho. Ya katikati siyajui."

Akafanya alichozoea kazini, cha kumtia mteja moyo asichoke: akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, baba. Ndiyo.

"Niliona huruma kumrudisha mwanzo. Alikuwa anahema kwa shida. Nikajiambia, nitampigia tarehe moja, kasi ikirudi."

Mzee akashusha mikono, akatabasamu. Hiyo ndiyo picha ya tisa. Alifariki tarehe ishirini na nane, akijua ameeleweka.

Msibani, Vidole alimuuliza mdogo wake baba alisema nini.

"Dada, alisema mengi. Mikono ilikuwa inakwenda tu."

"Hukushika hata neno?"

"Nilishika jina lako. Mengine, si wewe ndiye ulikuwa unatufasiria siku zote?"

Hakumlaumu. Tangu akiwa binti mdogo, nyumba ile ilikuwa na mkalimani wake. Mwingine wa nini?

Alilalamika kwa kampuni. Akajibiwa kwamba maoni yake yanathaminiwa, na akazawadiwa GB mbili, zitumike kabla ya saa sita usiku. Ujumbe huo hajaufuta. Asiufute.

Sasa yeye na wakalimani wenzake kumi na mmoja wanaandika barua kwa mamlaka ya mawasiliano: neno "bila kikomo" liondoke, na simu za viziwi zisiguswe kasi. Na mwanzo wa mwezi huu, mtandao ukiwa bado na pumzi, alianza kumfundisha mdogo wake alama.

"Mikono mizito, utadhani anakoroga zege," anasema, na anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Kisha hacheki. "Mama naye hasikii; siku ile hakuwepo kwa mdogo wangu. Safari hii nataka pawe na mtu chumbani."

Simu inaingia. Ni muuguzi, na mbele yake mama mjamzito ambaye mikono yake imeanza kusema kabla hata hajakaa vizuri. Mara picha inaganda, kiganja kimoja hewani.

Vidole haitikii. Anasubiri picha ijinasue, kisha anainua mikono yake miwili, polepole: sijakuona, dada. Naomba urudie.

Mama anaanza upya. Vidole anamkodolea macho, shingo kaikaza, na kichwa hakitikisiki mpaka neno la mwisho.