Kengele Mbili kwenye Kituo Kilichofutwa

Miaka michache baada ya mapinduzi ya Zanzibar, nikiwa sina pa kurudi, nilipata kazi ya ukondakta wa basi kaskazini mwa London. Njia yetu ilipita penye kituo cha zamani cha mabasi ya umeme, yale yaliyokuwa yakivuta moto kwenye nyaya za juu. Mabasi hayo yalikuwa yamekwishaondolewa na kituo kikafutwa. Kilibaki kibanda cha mbao na benchi. Lakini wageni, wengi wao wazee, waliokwenda kutazama uwanja wa vita vya kale, ambako Waingereza waliuana wao kwa wao wakigombea ufalme, bado walitaka kushuka pale. Kituo kipya kilikuwa mbali, chini ya kilima.

Inspekta wa mabasi alinionya. "Hapa si kituo."

"Wazee hawana magurudumu," nikamjibu.

Kengele moja, dereva anasimama. Kengele mbili, anaondoka. Kamba ya kengele ilikuwa mkononi mwangu, nami niliendelea kuwashusha.

Jumapili moja akapanda mtu niliyesoma naye sekondari. Siku zile za mapinduzi alikuja na wenzake wakatutoa nyumbani kwetu. Yeye ndiye aliyechukua funguo. Sasa alikuwa amevaa koti zuri, amemshika mkono mama yake aliyevimba miguu. Alijifanya hanijui, nami nikajifanya simjui. Mama yake sikumwamkia.

Tulipofika kibandani nilipiga kengele moja. Mzungu na mkewe wakashuka. Mama alikuwa ameshika nguzo, anautafuta mguu wa kutangulia. Nikapiga kengele mbili.

Basi likashtuka, mama akayumba, mwanawe akamdaka.

"Kondakta! Mama hajashuka!"

"Hapa si kituo," nikamwambia kwa Kiingereza, maneno yale yale ya inspekta.

Mama akaketi, akanitazama. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukija kwangu kula mkate wa ufuta?"

Nikageukia kukata tiketi.

"Ugomvi wenu umalizeni wenyewe. Miguu yangu hii haikupindua serikali ya mtu."

Katika basi zima tulioelewa ni watatu tu. Wanaume wawili tukainamisha macho.

Mwisho wa njia mwanawe alitaka washuke warudi kwa miguu. Nikasema, "Kaeni." Inspekta naye akapanda. Basi likageuza kurudi, na tulipokaribia kibanda nilipiga kengele moja, mbele yake.

"Hapa si kituo," akasema.

"Leo ni kituo."

"Nitakuandika."

"Andika. Mimi namshusha mama."

Aliandika kweli, nikahamishiwa njia nyingine. Ofisini walitaka niombe radhi. Sikuomba, na leo nimezeeka siombi. Wala yule mwenye funguo sikumpa mkono. Sijui kama ningempa hata sasa. Ninachojutia ni zile kengele mbili. Sikuteleza. Niliuona mguu wa mama uko hewani, nikavuta kamba kwa makusudi, nikimlipiza mama kwa kosa la mwanawe.

Siku ile, pale kibandani, nilimshika mama mkono akashuka ngazi polepole, inspekta akitazama saa yake.

"Shikamoo, mama," nikasema, nimechelewa safari nzima.

Hakuitika mpaka miguu yake yote miwili ilipokanyaga chini.