Kasuku Asiye na Kelele

Majuzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Ihumwa, alikojenga, akaniambia kwamba wanawe wanataka kasuku. Mumewe amekubali, ila ametoa sharti ndege huyo asiwe mpiga kelele, kwa kuwa wao wawili wanatoka asubuhi kwenda kazini Mtumba na wakirudi jioni wanataka kupumzisha vichwa. "Dada, wewe ulishaishi nao," akasema. "Yupi ametulia?"

Nilimjibu achukue mwenye kelele. Akacheka, akadhani natania. Simlaumu, maana wakati wa mambo hayo yeye alikuwa bado ananyonya. Lakini baada ya kukata simu nilikaa muda mrefu na chai ikanipoa mkononi, na kwa kuwa sikumweleza yeye, acha nikueleze wewe.

Tulikuwa tunakaa Nkuhungu, enzi hizo mtaa ukiwa bado na viwanja vitupu na upepo ukiwa na njia ya kupita. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na uani kulikuwa na stoo ndogo iliyoezekwa bati. Mwezi wa saba ukifika vumbi liliingia kila mahali, mpaka ndani ya kopo la chumvi. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele, jioni ugali na mlenda, na zabibu zilipoiva baba alirudi nazo zimefungwa kwenye gazeti, bado zina joto la jua. Kazi zangu mimi zilikuwa kufagia uani na kuvizia maji ya bomba yatoke nijaze pipa. Maji yakikawia, ulikuwa unalisikia bomba likikoroma peke yake kama mtu aliyelala vibaya.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mama. Mdogo wangu alipozaliwa, bibi mzaa baba alikuja kutoka kijijini, upande wa Bahi, kutusaidia. Bibi alikuwa Mgogo wa zamani, Kiswahili chake kizito, na baba alipozungumza naye alimwita Yaya, ndiyo mama kwa Kigogo. Neno hilo lilikuwa la kwao wawili tu. Mama yetu alikuwa mtu wa Morogoro, Kigogo hakukijua, na sisi watoto tulisema bibi kama watoto wengine wote wa mjini.

Jirani yetu alikuwa afisa wa serikali, mtu wa Tanga, na nyumba yake ilikuwa imejaa ndege. Alipopata uhamisho akawa hana namna ya kusafiri nao, akamwambia baba aje achague mmoja bure. Baba alipenda ndege tangu utoto wake wa kuchunga mbuzi. Mama alikubali kwa masharti yaleyale ya shemeji yangu wa leo, asiwe wa kelele, kwa sababu mtoto alikuwa na usingizi mwepesi mno, hata mfuniko wa sufuria ukianguka ilikuwa ni kilio hadi jioni.

Tulikwenda sote siku ya Jumamosi. Kwanza tulionyeshwa wale wadogo wa kijani wenye ukosi wa njano, ambao huku kwetu huvamia mashamba kwa makundi. Walikuwa wawili na kelele zao zilitosha soko zima, kali kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko. Mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama akaanza kulia hapohapo. Wa pili alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, msemaji hasa. Alitukaribisha, akatuuliza habari za asubuhi, kisha pikipiki ikapita barabarani, akaachia ukelele uliotufanya tuzibe masikio. Baba alipomsogezea kidole, kidole kikarudi na damu.

Wa tatu alikuwa kwenye tundu la pembeni, nyuma ya mlango. Alikuwa wa kahawia, tumbo la kijani, na doa la njano begani. Hakupiga kelele wala hakung'ata. Aliinamisha kichwa akamtazama baba, halafu akamtazama mama, halafu mimi, mmoja baada ya mwingine bila haraka. Baba alipopitisha kidole kwenye nyaya za tundu, ndege akakipokea kwa mguu wake na kukishika.

Mama akasema huyu ndiye. Mke wa afisa hakuonekana kufurahi. Alisema angetushauri tuchukue hao wengine, na mama alipomuuliza kama huyu ni mgonjwa, akajibu kwamba hana ugonjwa wowote. "Hao wengine nawaelewa," akasema. "Wakiwa na njaa najua, wakimwona paka najua. Huyu tangu tumlete hajanyanyua sauti, na kila ninapogeuka nakuta ananisikiliza."

Mama alicheka njia nzima. Ndege tulimpa jina la Bubu.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Mimi ndiye niliyembadilishia maji na kumpa mbegu za alizeti, ambazo alizimenya moja moja na kudondosha maganda kama fundi nguo anayedondosha vipande. Mama alimruhusu atembee jikoni. Lakini mapenzi yake yote yalikuwa kwa baba. Baba aliamka kabla ya watu wote, akachukua tundu na kwenda nalo stoo, kule alikokuwa na meza yake ya kusahihishia madaftari. Alisema anataka utulivu, na kwamba Bubu ndiye mtu pekee wa nyumba hii anayejua kukaa kimya. Tulipoamka tulimkuta ameshaoga na kuvaa shati lake jeupe, ndege yuko begani.

Kikohozi kilianza wakati wa upepo. Nilikuwa namwaga maganda ya alizeti nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu, kikohozi kifupi, kikavu, mara mbili, kisha kusafisha koo. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Bubu alikuwa ananitazama. Akakohoa tena.

Nilikimbia kuwaita. Mama alicheka hadi akaketi chini. Akasema ndege ameanza kutoa siri za alikotoka, maana yule afisa alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Baba naye alicheka, akaunga mkono kwamba ni afisa mtupu. Kwa muda wa wiki kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa burudani yetu. Wageni walikuja kumsikiliza. Rafiki zangu wa darasa la nne walipanga foleni dirishani, na kila Bubu alipokohoa wakaanguka kwa kicheko. Ikafika mahali mtu akisikia kikohozi kutoka uani, haangalii hata upande huo. Mama akiwa jikoni aliweza kusema, bila kugeuka, "Bubu, tulia, mtoto amelala." Mara nyingine, nakumbuka, alisema hivyo wakati tundu lilikuwa sebuleni na mimi ninaliona. Sikulitilia maanani. Hakuna aliyelitilia maanani.

Bibi peke yake hakucheka. Yeye alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, akipepeta uwele, na kila ndege alipokohoa ungo ulisimama kidogo mikononi mwake. Siku moja aliniuliza huyo afisa alikuwa mtu mnene au mwembamba. Nilimwambia mnene. Akaendelea kupepeta.

Kikohozi kilibadilika. Kilirefuka, kikawa na mvuto wa pumzi mwishoni, kama mtu anayepandisha ndoo kisimani. Baadaye ikaongezeka sauti ya kutema. Halafu sauti ya maji yanayomiminwa taratibu chini. Bubu alizitoa kwa mpangilio uleule kila mara, kukohoa, kutema, maji, na watu waliokuwa wakicheka wakapungua. Mama alisema sasa ndege ameanza kuchukiza, akaomba tundu likae stoo mchana kutwa. Baba hakubisha. Wakati huo mikono ya shati lake jeupe ilikuwa imeanza kumpwaya, na mama akamwambia ni vumbi la chaki na kazi nyingi, shule zikifunga apumzike.

Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa mchana, upepo umetulia. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, mimi nachambua mboga mbele yake, na mlango wa stoo uko wazi. Baba alikuwa shuleni. Bubu akaanza. Akakohoa, akatema, akamwaga maji. Kisha, kwa sauti ya chini, ya mtu mzima anayeongea na meno yakiwa yamebana, akasema, "Yaya."

Ungo ulianguka na uwele ukamwagika wote. Nilimtazama bibi nikidhani amepatwa na kitu. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Yule bwana wa Tanga," akaniuliza polepole, "alijua Kigogo?"

Nilisema hakujua. Aliinama akaanza kuokota uwele punje kwa punje pale mchangani, na mimi nikamsaidia, na ndege akarudia neno lile mara nyingine, na bibi, bila kunyanyua kichwa, akaitika.

Kesho yake alfajiri niliamshwa na mlango. Nilitoka nikamkuta bibi amesimama nje ya stoo na khanga yake ameishika kifuani. Ndani kulikuwa na kikohozi, na baada yake kikohozi kingine kama hicho hicho, na huwezi kujua kipi ni cha mtu. Bibi alisukuma mlango. Baba alikuwa ameketi kwenye meza yake, madaftari ya watoto wa watu yamesogezwa pembeni ili yasichafuke, na mbele yake kuna kitambaa. Kitambaa kilikuwa na damu. Kata ya maji ilikuwa chini, karibu na mguu wake.

Alimtazama mama yake kama mtoto aliyekamatwa. "Nilisema nisubiri shule zifungwe," akasema.

Bibi hakumgombeza. Aliokota kitambaa, akakikunja, akamshika mkono na kumwinua kama anavyoinuliwa mgonjwa, na ndipo nilipoelewa kwamba baba ni mgonjwa.

Alilazwa siku hiyohiyo. Daktari alisema ni uvimbe kwenye mapafu na kwamba umekaa sana. Akamwuliza mama ilikuwaje nyumba nzima isisikie kikohozi cha namna ile. Mama alinisimulia swali hilo nikiwa mtu mzima. Alisema alifungua mdomo kumjibu habari za ndege, akaona haya. Baba alipelekwa Dar es Salaam, akarudishwa, na mvua za kwanza zilimkuta hayupo tena.

Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, nyumba ilibaki na wanawake na ndege. Bubu aliendelea. Asubuhi, saa zilezile, tulisikia baba anakohoa stoo, anatema, anamwaga maji, anamwita mama yake. Mama alifunika kichwa kwa shuka. Mara mbili alilibeba tundu mpaka barabarani ampe mtu yeyote atakayepita, na mara zote mbili alirudi nalo. Bibi ndiye aliyelihamishia tundu kwenye chumba chake. Kila ndege alipoita, aliitika kwa Kigogo, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Ndege husahau kama watu wanavyosahau, kidogo kidogo. Lilianza kupotea neno. Kisha maji. Mdogo wangu alikuwa ameanza kutambaa na kucheka, na Bubu akajifunza kicheko chake, akajifunza na bomba letu linavyokoroma. Ikafika wiki ambayo hatukusikia kikohozi hata mara moja. Mama alianza kulala vizuri. Nilidhani na bibi atapumzika.

Nilimkuta siku moja amekaa kitandani, uso karibu na nyaya za tundu, anakohoa. Kifupi, kikavu, mara mbili, kisha kusafisha koo. Anasubiri, anarudia. Alikuwa anamkumbusha. Ndege aliinamisha kichwa akamsikiliza kwa makini, kama alivyotusikiliza sote siku ya kwanza. Bibi alifanya hivyo siku nyingi, na mama, aliyemwona, hakumzuia.

Bubu alipokuja kukohoa tena, tulitoka wote vyumbani tukasimama. Kilikuwa kikohozi cha mwanamke mzee. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akafunika tundu kwa khanga, na kabla ya mavuno alirudi kijijini. Ndege alikufa mwaka uliofuata kwa baridi ya mwezi wa sita, na bibi tukamzika Bahi muda si mrefu baada yake.

Stoo ile haipo. Kiwanja kina nyumba ya ghorofa sasa, na wapangaji wake wamefunga vioo madirishani kuzuia vumbi. Picha za baba ninazo. Kuna moja amevaa shati jeupe na ndege yuko begani. Lakini enzi zile hakuna aliyewaza kurekodi sauti ya mtu wa nyumbani. Nikijaribu kuikumbuka ilivyokuwa akitusomea au akiniita nilete maji, midomo naiona ikicheza, na sauti haiji. Kinachokuja ni lile neno moja la chini kutoka stoo, na hilo, kwa sauti ile ya meno yaliyobana, sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake.