Bosi na Mwanafunzi Wake

Niseme mapema ili nisionekane mnafiki mbele ya safari: wifi yangu nilimwona mtu asiye makini. Si mbaya, la. Ana roho safi, na nguo akikushonea inakaa. Lakini mtu mzima wa miaka hamsini na mbili anayecheka huku amebana pini sita mdomoni, huyo utamwambia nini akuelewe?

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko mtaa wa pili kutoka kwetu: mlango wa kijani uliochubuka, cherehani mbili, meza ya kukatia yenye mistari ya chaki iliyokataa kufutika, na mkebe wa vifungo ambao ndio unaoshikilia mlango upepo usiufunge. Ana miaka thelathini kwenye cherehani na hana mtoto. Tangu binti yangu aanze shule ya awali, mchana wote anakaa kwake, maana mimi ni karani wa masijala hospitalini na natoka kazini saa kumi na moja jioni. Bila wifi ningekwama.

Sasa, mimi ni mtu wa mafaili. Kitu kikiwa nje ya mstari, mkono unaniwasha. Basi siku moja nikatoka mapema, nikaingia kwa ule mlango wa kijani, nikamkuta binti yangu wa miaka sita ameketi kwenye kiti cha wateja, juu ya mito miwili, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, anamgombeza shangazi yake.

"Mwanafunzi! Hii nini? Mkono huu na huu inalingana?"

Wifi amesimama, mikono nyuma, kichwa chini. "Samahani, Bosi."

"Pima tena. Kwa sauti. Na usianzie katikati ya futi, nimekwambia mara ngapi?"

"Mara tano, Bosi."

"Mara sita!"

Ebo! Damu ikanichemka. Mezani palikuwa na kijishati cha vipande vya vitambaa, mkono mmoja umeishia kiwikoni na mwingine ungefika magotini. Chini ya meza kulikuwa na gunia zima la vituko vya namna hiyo: suruali ya mguu mmoja na nusu, gauni lenye matundu mawili ya shingo. Nikajua tu, macho ya wifi yamekwisha, na mtoto naye kawa mtovu wa adabu.

"Wifi, huyu mtoto anakuita mwanafunzi na wewe unaitikia?"

"Si ndiye bosi?" Pini zikamcheza mdomoni. "Asubuhi mimi fundi. Mchana yeye fundi, mimi najifunza. Na ni mkali, wifi, usimwone hivyo."

"Usaili wa darasa la kwanza ni wiki tatu zijazo! Mtoto hajui kuhesabu!"

"Anajua."

"Anajua wapi?"

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Nyumbani nilinunua kitabu cha namba, na kila jioni tukishakula tunakaa mezani mimi na yeye. Nikisema hesabu, anafika nane, anapiga mwayo. Akifika kumi na mbili anataka maji. Tatu ukiongeza nne ilimletea usingizi mtoto ambaye dakika mbili nyuma alikuwa anaruka juu ya kochi. Nikamwambia mume wangu, "Dada yako anamharibu huyu. Samaki mkunje angali mbichi." Mume wangu, bingwa wa kukaa pembeni, akasema, "Mtaongea wenyewe."

Tukaongea. Jumamosi nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga. Nikamwambia wazi kwamba mtoto akishindwa usaili, kuanzia wiki itakayofuata mchana atapelekwa kwa mwalimu wa twisheni, yule mstaafu mwenye rula ndefu. "Hatakuja tena hapa, wifi. Kazi ni kazi, mchezo ni mchezo."

Wifi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini. Sikuwahi kumsikia akiongea nami bila pini. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea.

"Mimi kufundisha sijui," akasema. "Najua kushona tu. Ila mchana bila yeye, wifi, hiki chumba..." Hakumaliza. Akakanyaga cherehani, ikaunguruma bila kitambaa ndani yake.

Iliniuma, nakiri. Lakini mimi nikishasema nimesema. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka.

Siku ya usaili nilimvalisha mtoto viatu vipya na kumchana nywele mpaka akalia. Mwalimu mkuu alikuwa mwanaume mwenye mwili wake, koti la kijivu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Binti akamwamkia shikamoo ya kueleweka, nami moyoni nikajipongeza.

"Haya, mwanangu, nihesabie mpaka ishirini."

Binti akainamisha kichwa upande, akafumba jicho moja.

"Basi, tatu ukiongeza nne?"

Mtoto alikuwa anayatazama mavazi ya mwalimu. Nikakohoa. Nikakohoa tena, mpaka mwalimu akanisogezea glasi ya maji.

"Mwalimu," binti yangu akasema hatimaye, "mkono mmoja wa koti lako ni mrefu."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na mkoba wangu. Nikaanza kuomba radhi, lakini mwalimu alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele yake, anaitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

"Upi?"

"Wa kulia. Simama nikupime."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa futi. Aliichukua lini kwa shangazi yake, sijui mpaka leo. Na yule mtu mzima, mwalimu mkuu mwenye shule nzima chini yake, akasimama.

Binti akapanda juu ya kiti na viatu vyake vipya. Akaweka ncha ya futi begani, akaishusha mpaka mwisho wa mkono. "Sitini na nne." Akahamia upande wa pili. "Sitini na moja. Wamekosea tatu." Akanyakua kalamu mezani, akaandika namba zote mbili kwenye karatasi ya usaili, moja chini ya nyingine, akapiga mstari, akaweka tatu. Mwalimu akaomba apimwe na mabega. Kisha, na hili alilitaka mwenyewe, akaomba apimwe kiuno, akavuta tumbo ndani.

"Usibane tumbo, mteja. Ukiidanganya futi, nguo itakusema mbele za watu."

Maneno hayo niliyajua. Yalikuwa ya wifi, yamepungukiwa pini tu.

"Mia moja na kumi na nane!" akatangaza, na mlango ulikuwa wazi, na katibu muhtasi kule nje akaangua kicheko.

"Na vifungo?" mwalimu akauliza, naye keshakolea.

"Mbele vitatu. Kila mkono vinne. Kumi na moja." Akainama, akachungulia. "Lakini hapa kimoja kimeanguka. Kumi."

Mwalimu akaketi akijifuta machozi ya kicheko. Habari ya kuhesabu mpaka ishirini hakuigusa tena. "Nani amekufundisha yote haya?"

"Hakuna," binti akasema, akiizungusha futi kidoleni kuikunja. "Mimi ndiye ninamfundisha shangazi. Ana makosa mengi. Kila siku anakosea jambo jipya. Lakini nikimwonyesha anarekebisha, na hanuni."

Kila siku anakosea jambo jipya. Lile gunia chini ya meza likanijia machoni lote. Fundi wa miaka thelathini, aliyenishonea gauni la harusi kwa kunipima mara moja tu, leo asijue kulinganisha mikono ya shati? Kumbe kila kituko mle ndani alikikalia akakiwaza, akakikata, akakishona kwa makusudi, ili mtoto wangu akamate kosa. Na mimi nikasema macho yake yamekwisha. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

"Amepita. Ataanza Jumatatu," mwalimu akaniambia. "Na huyo mwanafunzi wake, mwambie nina koti linahitaji marekebisho."

Tulikwenda moja kwa moja kwa wifi. Cherehani zote mbili zilikuwa kimya, na gauni la mteja lilikuwa pale pale lilipokuwa jana. Yeye ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, mdomoni hana pini hata moja.

Mtoto hakungoja. "Mwanafunzi! Tangu asubuhi hujashona chochote?"

"Nilikuwa namsubiri bosi," wifi akasema.

"Amepita, wifi," nikasema. "Nisamehe. Nilikuona mtu wa kuchezacheza, na nikakutishia kitu ambacho hakikuwa haki yangu. Akitoka shule atakuja hapa, kila siku, mpaka mwenyewe achoke." Nikamshika mkono nikabaki nao.

Wifi alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mtu. Kisha akaanza kuzirudisha pini mdomoni, moja moja, mpaka zikatimia sita, ndipo akacheka. Akanisukumia mkasi na kitambaa kilichobaki mezani.

"Bosi, nimekutafutia mwanafunzi mpya."

Binti yangu akatundika futi shingoni, akanizunguka, akanitazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Huyu naye anajua kitu?"

"Hajui," wifi akasema kupitia pini.

"Ananuna?"

"Ah, hapo, Bosi, itabidi umfundishe taratibu."