Mlingoti Kwenye Uwanja wa Mwishehe

Tandika nyumba zimebanana hivi kwamba ukiunga mchuzi, jirani anajua umesahau chumvi. Ndiyo maana uwanja wa mbele ya nyumba ya Mwishehe ulikuwa mali ya mtaa mzima. Iwe harusi, maulidi au matanga, turubai lilifungwa pale, na mwenyewe haombwi ruhusa. Anaambiwa siku tu. Tangu mkewe Tunu kufariki na binti yao Munira kuolewa Tanga, shughuli hizo ndizo zilizomwokoa asile peke yake.

Mwaka 1997 kiwanda cha nguo alikofanya kazi kikauzwa, naye akapunguzwa na kupewa kiinua mgongo. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye akakutana na Rogers, fundi kijana aliyeanzisha kampuni na wenziwe wawili. Walitaka kupitisha intaneti hewani, bila waya, iwe na kasi kuliko ile ya laini ya simu iliyokuwa ikijikongoja. Mwishehe hakuelewa hata nusu. Alichoelewa ni kwamba kijana alimwita mwenzetu, na kwamba angekuja kila wiki. Akanunua hisa kwa fedha zake zote, akatoa na uwanja usimamishwe mlingoti. Ukafungwa kamba za chuma pande zote, ukazungushiwa na uzio. Upweke wake, basi, aliununua mwenyewe, tena taslimu.

Shomari, rafiki yake tangu jandoni, akaja kusema bintiye Hamisa anaolewa Jumamosi. Mwishehe akamweleza kuwa juma hilo mitambo inajaribiwa mbele ya wateja, kamba haziguswi. Shomari akajibu sawa. Bora angegomba. Harusi ikahamia kwa Mbwana, mtaa wa tatu, na Mwishehe akaisikiliza ngoma kutoka kibarazani kwake, akingoja mtu aje kumchukua.

Majaribio yalifaulu. Picha ilifunguka kwenye kompyuta kufumba na kufumbua. Wateja wakaongezeka, gawio likaanza kuingia, na Rogers akahamia ofisi ya mjini. Mlingoti haukuharibika hata siku moja, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kurudi. Mwishehe akawa anapika wali wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Mama yake Shomari alipofariki, turubai lilifungwa kwa Mbwana. Mwishehe alikwenda bila kuitwa. Akavua viatu, akataka kuketi mkekani ubavuni mwa Shomari kama ilivyokuwa siku zote. Mtu akamletea kiti.

"Mie nakaa hapahapa chini," akasema.

Shomari akainuka, akampa mkono kwa adabu. "Kaa kitini, bwana. Mgeni hatumkalishi chini."

Akakaa. Chakula kilipoletwa, wenzake walizunguka sinia, wakasogeleana. Yeye akapewa sahani yake.