Kanisa lilisimamisha ndoa yangu kwa sababu ya mke wangu wa kwenye TV

Wakuu, habari zenu. Leo niko Butembo, mvua imenifungia ndani ya kibanda, mteja hakuna, acha niwape hii ya kwangu.

Ni ya kweli. Najua mwigizaji akisema "ni ya kweli" mnacheka, na huo ndio uzi wenyewe.

Nitaandika Kiswahili cha kueleweka na wote. Wahusika wakifungua mdomo, nitawaacha waongee cha kwetu Kivu, ambako "bibi" ni mke, "njo" ni ndio, na "donc" ni basi.

Kwanza mjue mimi ni nani. Ni mwigizaji wa televisheni ya hapa hapa. Msitafute jina langu, hata mama mwenye nyumba halijui. Wote wananiita Papa Shiba, yule tajiri mwenye roho mbaya kwenye tamthilia yetu.

Sio staa, tuelewane. Staa ni kijana mwenye kifua anayempenda binti. Mimi ni baba wa binti, mwenye tumbo, anayekataa. Nikitoka hapo nachezeshwa meneja anayefukuza wafanyakazi, au mjomba anayekula urithi wa yatima.

Sura yangu ndivyo ilivyo. Nikitabasamu, watu wanashika mifuko yao.

Sasa tuje kwenye utajiri, maana najua ndiyo mnasubiri.

Papa Shiba ana jumba la ghorofa. Lile jumba ni la mfanyabiashara mmoja, na sisi tunaruhusiwa baraza na sebule tu. Viatu tunavua mpaka kamera iwashwe.

Papa Shiba ana gari, jipu kubwa jeusi. Halina injini. Mnaponiona naingia getini kwa madaha, kuna wanaume wanasukuma nyuma huku wameinama msiwaone.

Suti yake moja ni ya marehemu fulani aliyekuwa mnene kuliko mimi. Mgongoni imebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, ndiyo maana Papa Shiba hageuki hovyo. Watu wanasema ni kiburi.

Mimi mwenyewe nina kibanda cha spea za pikipiki, pikipiki moja, na chumba na sebule ya kupanga. Tukishuti, malipo ni nauli, soda na mandazi.

Lakini nenda sokoni na hii sura uone. Nikiomba kupunguziwa nyanya, mama ananiangalia kwa huzuni na kuniuliza kama lile jipu nimeliuza. Kanisani sahani ya sadaka ikifika kwangu, inasimama.

Haya, tuingie kwenye kisa.

Kuna sini moja ya tamthilia iliyonifanya nijulikane kuanzia Beni mpaka Lubero. Papa Shiba anamfukuza mke wake na watoto usiku wa mvua. (Tulishuti mchana, giza lilitiwa baadaye.) Mvua ilikuwa ya kweli, maana Butembo hatuna haja ya kuitengeneza. Mke anapiga magoti na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, mkononi, kwamba walau ale kwanza. Dairekta akaniambia niipige teke ile sufuria. Nikaipiga. Sombe ikaruka mpaka kwenye ukuta.

Huyo mke wa kwenye TV anaitwa Maombi. Kwa kweli ni mama anayeuza vitenge, ana mume wake mpole, na wale watoto waliolia kwenye mvua ni wake wa kuzaa.

Ile sini ilisambaa kwenye simu kama surua. Mimi nikafurahi. Nikadhani ndiyo nimetoka.

Wakati huo nilikuwa na mchumba Beni, anaitwa Kavira, mshonaji. Baba yake alikuwa na mashamba ya kakao Mbau, siku hizi wanaishi mjini kama wengi waliokimbia vita huko. Mzee hana TV wala muda wa TV. Tulielewana, mbuzi wa mahari wakakubaliwa, tarehe ikapangwa, na kanisa la kwao likaanza kututangaza.

Kwa wasiojua, kwetu Waprotestanti ndoa inatangazwa Jumapili kadhaa mbele ya watu wote. Mchungaji anasoma majina, halafu anauliza kama kuna mwenye sababu ya kuizuia. Kawaida hapo ni kimya, labda mtoto analia, mnaendelea na wimbo.

Jumapili moja ya kutangazwa kwetu alikuwepo shangazi yake Kavira, dada mkubwa wa baba yake, ametelemka kutoka Alimbongo na gunia la viazi vya harusi. Na kwetu shangazi sio mtu wa kula keki tu. Asipokubali, hakuna harusi.

Alisimama. Mwanamke mfupi, kitambaa cheupe kichwani, sauti ya kuita watu shambani.

"Muchungaji, ule mwanaume iko na bibi. Alimufukuza mu mvula na batoto, akapiga sufuria ya sombe teke. Miye nilionaka na macho yangu, mu telefone."

Kanisa zima likageuka. Na mbaya zaidi, nusu yao walikuwa wanatikisa kichwa kukubali, maana nao waliona.

Mchungaji akakunja karatasi. Akasema jambo hili liende kwa wazee wa kanisa, na mpaka liishe, tangazo limesimama.

Wakuu, nilicheka. Nilidhani ni dakika kumi za kuelezana.

Tulikaa na wazee kwenye chumba cha nyuma: mimi, Kavira, baba yake, shangazi. Nikaeleza kamera, nikaeleza skripti, nikaeleza Maombi ana mume. Mzee mmoja alikuwa ananielewa vizuri sana, hata akaniuliza kwa sauti ya chini kama Papa Shiba atafungwa mwishoni. Lakini shangazi alikuwa hajafungua mikono kifuani. Aliniambia uso aliouona siku ile ulikuwa uso wa mtu mwenye hasira, na hasira haitoki hewani.

Hapo ndipo nikafanya upumbavu wa kazi yangu.

Nikasema, ngoja niwaonyeshe. Nikainama, nikavuta pumzi, nikamfikiria mbwa wangu wa utotoni, machozi yakashuka. Ya kweli kabisa, mpaka kamasi. Mzee mmoja akaanza kunipa pole. Halafu nikafuta uso, nikatabasamu, nikasema: mmeona? Ni kazi tu.

Nilitegemea makofi.

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Munaona? Analia, anaacha. Kavira atajuaka namna gani ni siku gani analia ya kweli?"

Baba mkwe alikuwa anaangalia kofia yake.

Tulipotoka nje, Kavira alitembea mbele yangu mpaka kwenye pikipiki. Hakuwa amekasirika, ingekuwa afadhali. Aliuliza polepole tu, na kwetu "kucheza" ndiyo kuigiza:

"Siku ile uliniambiaka unanipenda, ulikuwa unacheza?"

Nikasema hapana. Nikaisema vizuri, kwa sauti nzito, nikimtazama machoni. Nikaona kabisa kwamba uzuri wa kusema ndio umeniharibia. Niliogopa, wakuu. Tangu nianze kuvaa ile suti, sijawahi kuogopa vile.

Nikarudi Butembo kumtafuta Maombi. Nilimkuta sokoni, nikamweleza, akacheka mpaka akakalia vitenge vya watu. Mume wake akasema twende wote. Tukapanda gari kwenda Beni, mimi na mke wangu wa TV na mume wake halisi, na njia nzima kila tukisimama kununua ndizi watu wanamwambia yule bwana pole, wakidhani nimekuja kumnyang'anya mke.

Wazee wakakaa tena. Maombi akajieleza, mume akajieleza, cheti cha ndoa yao kikazungushwa. Kwa wazee mambo yalikuwa yameisha. Mchungaji akataka tuombe, tufunge kikao.

Shangazi akasema bado. Hakuuliza habari za cheti. Alimsogelea Maombi, akamshika mkono.

"Ile siku ulisikia baridi?"

Maombi akaacha kucheka. Akasema baridi ilikuwa ya kweli, na watoto walikohoa wiki nzima.

"Na ile sombe?"

"Ilikuwa yangu, mama. Niliipikaka kwangu. Kamera ikimalizika, tulipaswa kukula."

Mimi nilikuwa sijui. Nilidhani ni ya watu wa uzalishaji. Kumbe watu wa uzalishaji walikuwa na soda na mandazi tu, na wale watoto walikuwa wameahidiwa ile sombe tangu asubuhi.

Shangazi akanigeukia. "Donc mvula ilikuwa ya kweli, baridi ya kweli, sombe ya kweli. Ni ndoa tu njo ilikuwa ya kucheza?"

Akanyoosha kidole sakafuni. Akasema nimuombe huyu mama msamaha, akafunga tena mikono kifuani.

Mchungaji akajaribu kusema kwamba kisheria hapana kosa. Hakuna aliyemsikiliza. Nikapiga magoti mbele ya Maombi, kama alivyopiga yeye mbele yangu mara ngapi sijui, maana dairekta alirudia ile sini mpaka akaridhika.

Na hapo mashine ikagoma. Machozi hayaji. Yule mbwa nikamfikiria, wapi. Sauti nzito ya Papa Shiba imepotea. Nikasema:

"Maombi... ile sufuria. Sikuuliza ni ya nani. Na batoto... baridi. Unisamehe."

Vibaya kabisa. Dairekta angeita "kata" kabla sijafika katikati. Nilikuwa natazama viatu vyake, nikiwaza kwamba nimempoteza Kavira kwa kucheza vibaya siku moja niliyohitaji kucheza vizuri.

Maombi akasema amenisamehe, na yeye ndiye akalia.

Shangazi akafungua mikono yake kifuani.

"Sasa njo naona mutu," akasema. Akamwambia mchungaji atangaze.

Tulioana. Shangazi alikuja na viazi vyake na sufuria mpya kubwa yenye mfuniko, imefungwa kitenge. Nikanyoosha mikono kuipokea. Akanipita. Akampa Maombi, akamwambia hii ni ya ile yake. Mimi sikupewa kitu, nikala viazi vyake.

Nilichojifunza: ukiigiza, uliza chakula ni cha nani. Na ukitaka kuoa kwa amani, omba nafasi ya daktari au ya maiti.

Bado nacheza Papa Shiba. Lakini sasa kabla ya kamera napiga kelele mpaka watoto waletewe blanketi, dairekta anasema nimekuwa staa.

Nyumbani ndio kuna kazi. Siku nikichelewa kurudi na nikaanza kumpanga Kavira kwa maneno yangu matamu, sauti ya chini, mkono kifuani, ananikatiza bila kuacha kushona.

"Sema vibaya."

Nasema vibaya. Ndipo ananiwekea chakula.

Haya wakuu, uwanja wenu. Wale wenye wake, nyinyi mkisema kweli mnaaminiwa vipi? Na kama kuna mtu ana jipu lenye injini, tuongee.