Jibu la Kikombe cha Chai

Kazi yangu ni kuwatia adabu ya Kiswahili watu wa filamu za kigeni tunazozitilia sauti za Kiswahili. Wao wanaingia nyumba za watu bila hodi. Mimi nawatafutia hodi itakayotosha midomo yao kabla haijafungwa. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye chumba cha kurekodia kisicho na dirisha, na sijaharibu tukio hata moja, isipokuwa siku ile ya chai.

Asubuhi hiyo niliondoka nyumbani mbiombio. Mume wangu, fundi majokofu, alinifuata hadi mlangoni na kikombe cha chai. Nikamwambia sitaki, nikashika njia.

Kazini nikakuta mazungumzo yaliyoandikwa na Twiga, binti tuliyemwajiri juzijuzi na kumpa jina hilo kwa shingo yake. Kwenye filamu hiyo, mjane anamkaribisha jirani yake chai. Jirani anakataa, na namna anavyokataa ndiyo inayotujulisha kwamba anampenda. Twiga alimwandikia: "Kunywa wewe, mimi nishashiba kukutazama."

Maneno hayo ni ya mume wangu. Aliniambia mimi, sebuleni kwa shangazi, mwaka alionichumbia, mpaka shangazi akaguna. Sijapata kuyasikia kwa mwanamume mwingine. Na wiki iliyopita si alikuja hapa kutengeneza jokofu letu? Si Twiga aliyemshikia tochi, wanacheka kama waliozaliwa tumbo moja? Na nani alimpa chai? Nikamtazama binti yule pale mezani kwake, shingo yote ile, anajichekea na simu. Nikaona wivu, jamani, wivu wa kutaka kung'ata kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

Nikalifuta jibu lake. Nikaandika: "Sitaki."

Mwigizaji wa sauti akaingia, akasogelea kipaza sauti, akasema, "Sitaki." Mkuu wetu akasimamisha mashine.

"Nani kaandika hili? Huyu bwana hampendi huyu mama hata chembe!"

"Mimi," nikasema. "Wanaume ndivyo walivyo."

Nikatoka, nikamvuta Twiga hadi koridoni.

"Mdogo wangu, lile jibu la chai umelitoa wapi? Nani kakwambia maneno yale?"

Akanitumbulia macho. "Dada, si yako?"

"Yangu?"

"Kila siku saa nne nikipitisha chai unatuambia, 'Kunyweni nyie, mimi nishashiba kuwatazama.' Mpaka mlinzi wa getini anakuiga. Nikasema, mtu anayekataa vizuri namna hii, nyumbani kwake wanafaidi kweli. Nisamehe dada, kama nimekuudhi."

Nikamwambia tu kwamba hajaniudhi.

Tukarudi ndani, nikalirudisha jibu lake mahali pake. Mwigizaji akalisema taratibu, na mkuu akapiga makofi. Wote wakanigeukia wanacheka, Twiga naye, na mlinzi aliyekuja kuchungulia. Niliwaonea wivu wote pale chumbani, kila mmoja aliyewahi kuambiwa maneno yale na mimi. Maana nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilimwambia mwenye maneno, mume wangu, nikashindwa. Nilikumbuka tu alivyobaki amesimama mlangoni, na kikombe mkononi.